Mguu wa Mbao na Breki ya Lori la Roble

Mwaka 1976, njia ya Merti, jeki iliteleza na lori likamkalia dereva wake, Dahir, mguu wa kulia kama mgeni asiyejua kuaga. Nairobi ukakatwa, akapewa mguu wa mbao, umepakwa rangi vizuri, ila mjinga: ukikanyaga breki, hauna habari kama umekanyaga breki au hewa.

Lori lilikuwa la Roble, mjomba wake. Roble akachukua funguo.

"Wewe sasa kaa dukani, upime sukari."

"Abti, mjomba wangu, mimi sukari nakunywa. Sipimi."

Dahir akaenda kwa Muiruri, fundi wa pancha. Walikata vipande viwili vya tyubu, wakatengeneza vifuko viwili vidogo, kimoja chini ya soli ya mbao, kingine wakakifunga pajani. Katikati wakapitisha paipu ya breki ya lori bovu. Soli ikibanwa, kilichomo ndani kinapanda na paja linafinywa. Ukikanyaga kidogo, mfinyo kidogo. Ukikanyaga sana, unafinywa kama mtoto mtukutu wa chuo cha Kurani.

Kwanza Muiruri alijaza mafuta ya breki. Dahir akayakataa, kwa kuwa yalivuja na kumchubua ngozi. Akaenda kuchota samli ya mkewe, Asho, wakajaza hiyo. Jua la mchana likiwaka, mguu ukawa na akili kuliko mwenyewe, hata Roble akakubali ajaribu lori alfajiri.

Alfajiri Isiolo ina baridi. Samli ikaganda kwenye paipu. Paja likanyamaza, Dahir akadhani mguu umetoka kwenye pedeli ya mafuta, kumbe umelala pale pale. Lori likavunja zizi la Roble, na mbuzi wakaenda kutembea mpaka Burat.

Mtaa mzima ulicheka.

"Huo mguu umeshiba," Roble akasema. "Sukari inakungoja."

"Makosa ni ya samli yangu," Asho akamjibu, "si ya mume wangu."

Dahir akarudi kwa Muiruri. Safari hii wakajaza mafuta ya breki na kukaza viungo kwa waya mpaka tone likakosa njia. Kisha akamfuata mjomba mbele ya watu.

"Nataka funguo. Alfajiri, baridi ile ile."

"Nitaweka ndoo ya maziwa mbele. Ukiimwaga, utapima sukari mpaka ufe."

"Ndoo haina uchungu, abti. Simama wewe."

Watu wakamtazama Roble. Baba yake alikuwa askari, na mtoto wa askari hawezi kurudi nyuma mtaa ukitazama. Alfajiri akasimama barabarani, mikono kifuani, kikoi kikipepea.

Lori likaja. Dahir akagusa breki, paja likafinywa kidogo. Akaongeza, likafinywa zaidi. Akaongeza kidogo tena. Bampa ikagusa kikoi, ikasimama. Roble hakusogea, ila midomo yake ilikuwa ikisoma dua.

Kisha Roble akazunguka hadi mlango wa dereva, akanyoosha mkono apewe funguo.

Dahir akamwekea kiganjani kopo tupu la samli.

"Hilo la kupimia sukari," akasema, na injini ikiwa bado inanguruma akawaita wapakizi walete mzigo wa Merti.