Mkono Uliojua Sana

Kutulia kulimshinda tangu akiwa tumboni. Ndivyo mama yake alivyokuwa akisema. Akikaa, mguu unacheza. Akisimama, vidole vinagonga ukuta. Na siku hiyo ya mtihani, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, ndevu zina mvi, alikuwa anapima korido ya chuo kwa hatua, kwenda na kurudi, nje ya maabara moja tu waliyokuwa nayo, mpaka wanafunzi wenzake wakachoka.

"Bucha, kaa bwana, unatutia kizunguzungu!"

Bucha ndilo jina walilompa, na halikuwa tusi. Alikuwa muuza nyama kweli, miaka ishirini na mbili nyuma ya kaunta, mtoto wa muuza nyama. Kilichomtoa kule ni udadisi, na huo hauna dawa. Tangu ujana, kila walipompasua ng'ombe aliuliza: hiki kazi yake nini? Na hiki je? Baba yake, ambaye maswali ya asubuhi yalimkera, alimjibu, "Kazi yake kupimwa kilo." Basi, swali likabaki linamwasha. Akaoa, akazaa, akasomesha watoto, bado linamwasha. Mwisho akaingia masomo ya jioni, akapata vyeti, akaomba nafasi ya biolojia, na chuo kikamchukua. Mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mkewe hakucheka. Alivaa aproni ya mumewe, akaikunja mara mbili kiunoni maana ilimpwaya, akasema, "Nenda. Hapa nitasimama mimi."

Sasa wewe ungedhani mtu kama huyo, mtihani wa kumpasua panya kwake ni mteremko. Thubutu! Ndio huo huo uliokuwa unamuua. Alishaufeli mara mbili, na sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukiufeli mara ya tatu, unafungasha.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila muuza nyama anajua kitu cha kwanza kutoa ni nyongo, isije ikapasuka ikatia nyama uchungu. Basi kengele ilipolia tu, mkono wake ukaenda wenyewe kutafuta nyongo. Panya hana nyongo. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, lakini mkono hausomi daftari. Ukatafuta, ukapekua, ukakata hapa, ukakata pale, na mwalimu alipofika mezani alikuta ini liko pembeni, limeoshwa, limebakia kufungwa kwenye gazeti tu.

"Mzee wangu," mwalimu alisema taratibu. Alikuwa msichana mdogo, sawa na binti yake wa kwanza. "Nilisema uonyeshe viungo vikiwa mahali pake."

Mara ya pili alijiandaa. Alienda vizuri, akatanua ngozi, akaibana kwa pini kwenye sinia lenye nta, akapumua. Halafu jirani yake wa meza akaangusha mkasi, yeye akashtuka, na kabla hajajua kinachoendelea mkono wa kulia ulikuwa umeshika utumbo mzima na kuuvuta mara moja, safi, bila kuchana popote. Kwenye bucha wangempigia makofi. Pale alipewa alama kumi na nane.

Aliporudi nyumbani siku ile alizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Mkewe alimwacha azunguke, akaendelea kunoa kisu.

"Tatizo lako si kichwa, baba watoto," akasema hatimaye. "Kichwa kinajua. Tatizo ni huo mkono. Ukiona tumbo tu, unakimbilia kazi."

"Sasa nifanyeje, niukate?"

"Tumia mwingine."

Alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Tangu hapo, kila Jumamosi, alikaa nyuma ya bucha na mapafu ya mbuzi, akitenganisha utando kwa mkono wa kushoto. Alijikata, akalaani, akatupa wembe, akauokota. Wateja walichungulia na kuuliza kama mzee amepatwa na kiharusi. "Anasoma," mkewe aliwajibu, na kuwapimia nyama.

Kengele ya mara ya tatu ikalia. Alikaa kwenye stuli yake, na kitu cha kwanza alichofanya kiliwaacha wote midomo wazi: alifungua kamba ya koti lake la maabara, akaufunga mkono wa kulia kwenye mguu wa stuli. Akakaza fundo kwa mkono wa kushoto.

"Bucha, umekamatwa?" jirani yake akanong'ona.

"Angalia panya wako."

Swali lilisema: onyesha mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye utumbo hadi kwenye ini, pasipo kuukata wala kuung'oa. Muda, saa moja.

Mungu wangu, ilikuwa kazi! Ule mkono wa kushoto ulikuwa mzito, unakosea pini. Dakika ishirini ziliisha kwenye ngozi peke yake. Mguu ukaanza kucheza, stuli ikaanza kulia. Wenzake walishafika kwenye tumbo, wengine wameshaweka vibandiko vya majina, na yeye bado anabembeleza utando mwembamba usiotaka kuachia. Jasho likamwingia machoni. Kule chini mkono wa kulia ulikuwa unavuta kamba, unaomba kazi. Angeufungua ungemaliza yote kwa dakika nne, na kumrudisha kwenye kaunta maisha yake yote. Aliuogopa mkono wake mwenyewe kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani.

"Zimebaki dakika kumi," mwalimu akatangaza.

Aliinua ini kwa ncha ya koleo. Akausogeza utumbo kushoto, kidogo, tena kidogo. Na pale, chini ya mafuta, mshipa ukaonekana. Mweusi kidogo, mnene kuliko alivyofikiri, na vijishipa vimekusanyika kutoka kila pembe ya utumbo kuja kuingia humo. Maelfu ya wanyama yalikuwa yamepita mikononi mwake, na kila mmoja alikuwa na kitu hicho, na yeye alikuwa anakichana kila asubuhi bila kukiona hata mara moja. Mguu wake ulisimama. Hakujua umesimama, jirani yake ndiye aliyemwambia baadaye.

Mwalimu alipofika, yeye hakuwa amebandika kibandiko hata kimoja. Alielekeza tu kwa pini. Mwalimu akainama, akatazama muda mrefu.

"Hujaukata."

"Sijaukata, mwalimu."

"Na huo mkono mwingine una nini?"

"Unajua sana," akajibu. "Nimeuacha upumzike."

Chuo chenyewe kidogo, alama zilitajwa hapo hapo. Hamsini na mbili. Amepita. Alitaka kusimama kushukuru, stuli ikainuka naye, na mwalimu mwenyewe akapiga magoti kumfungua kamba.

Alikimbia mpaka bucha, mzee mzima, koti linapepea. Mkewe alikuwa anakata mbavu. Akamwona uso, akajua, akaweka kisu chini.

"Nimepita, mama watoto!"

"Alhamdulillahi! Sasa utakaa kitini kama watu."

Mumewe akamshika mikono yote miwili kwa furaha. Halafu akaigeuza, maana macho yake siku hiyo yalikuwa bado yanatazama kwa namna ile ya maabara. Kwenye mkono wa kushoto wa mkewe, kuanzia kidole gumba mpaka kifundoni, kulikuwa na makovu.

"Hili la lini?"

"La mwaka wako wa kwanza. Sikujua kushika mfupa."

"Na hili?"

"La mwaka wa pili."

"Na hili je? Mbona bado bichi?"

"La juzi," mkewe akasema, akauchomoa mkono na kuokota kisu. "Nipishe, kuna mteja."