Msafara wa Udongo na Beseni la Uvukizi

Ili msomaji kijana aelewe kilichotokea, yafaa kwanza ajue hali ilivyokuwa. Kituo cha hali ya hewa nilichokabidhiwa kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tabora, upande wa Kwihara, kwenye tambarare iliyopitiwa zamani na njia kuu ya misafara. Kilikuwa na nyumba moja ya mtumishi, ofisi ya chumba kimoja, na uwanja wa vipimo uliozungushiwa waya. Kiangazi huko huanza Mei, na tangu hapo mtu hategemei tone la mvua mpaka mwisho wa Oktoba. Asubuhi za Juni hupasua midomo. Mchana jua huwa kavu, na upepo wa mashariki huingiza vumbi hata ndani ya kabati lililofungwa. Bomba letu lilitoa maji siku tatu kwa juma.

Katika nyumba hiyo niliishi na wanangu watatu: Kulwa na Doto, mapacha wa miaka tisa, na Shija wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa desturi yetu kwa sababu alizaliwa baada ya mapacha. Baba yao alikuwa gadi wa treni, yaani msimamizi wa safari, na kazi yake ilimweka kwenye reli ya Kigoma siku nyingi kuliko alizolala nyumbani.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeianza miaka kumi na miwili kabla ya hapo, nikiwa Mpimaji Daraja la Tatu. Siku ya kwanza Mkuu wa Kituo, mzee aliyevaa tai hata kwenye joto la Oktoba, alinituma kusoma kipimajoto ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vipande vya mbao, ambacho hukinga vyombo na jua lakini huruhusu hewa ipite. Nikarudi mbio.

"Umesoma ngapi, binti?"

"Ishirini na mbili, Mzee."

"Na vijisehemu vyake viko wapi?"

"Vilikuwa vidogo."

"Vidogo kwa nani? Rudi ukaviangalie."

Nilirudi. Ilikuwa ishirini na mbili na sehemu tatu za kumi. Tangu siku hiyo sikuacha kijisehemu chochote nyuma, wala Kigoma nilikopelekwa kwanza, wala Igunga ambako wakulima wa pamba walinisubiri mlangoni asubuhi za masika kuuliza kipimamvua kimeonyesha nini. Kutoka Igunga nilipandishwa cheo na kupewa kituo cha Kwihara. Mkuu wa Kanda, mtu mfupi wa maneno na wa kimo, alinikabidhi funguo akiwa amesimama.

"Nyumba iko hatua thelathini kutoka uwanjani," alisema. "Mama Kulwa, radi siiogopi. Naogopa wavulana watatu."

"Wanangu nawajua, Mzee."

"Hata mimi nilidhani wangu nawajua."

Nyumba yangu niliiendesha kwa saa za vipimo. Saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa nilikuwa uwanjani. Basi uji ulinywewa kabla ya saa tatu, na chakula cha mchana kiliwekwa mezani robo saa kamili baada ya saa sita. Likizo ya Juni ilipofika niliongeza kanuni za kiangazi. Kila mtoto alipata ndoo ndogo moja ya kuoga, nayo ilitakiwa itoshe na miguu, ambayo ilikuwa na nyufa kama ardhi yenyewe na ilipakwa mafuta ya mgando kila jioni kwa makelele. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ilijazwa mifukoni asubuhi, kisha hakuna aliyerudi kuomba chochote hadi mchana. Kwa michezo, maji hayakutolewa. Jirani mmoja alisema nalea askari. Nilimjibu kwamba askari hawaombi kuongezewa mboga kila siku.

Sasa nieleze beseni la uvukizi. Ni beseni pana la bati, ambalo mtu mzima angeweza kuketi ndani yake, lililoinuliwa kidogo juu ya fremu ya mbao. Hujazwa maji, na kila siku saa tatu asubuhi mpimaji hupima yameshuka kiasi gani tangu jana. Kiasi hicho ndicho kilichochukuliwa na jua na upepo. Vipimo hivyo ni muhimu kwa watu wa maji, kwa sababu kiasi kinachopotea katika beseni huwaeleza bwawa la mji linapoteza kiasi gani. Mwaka ule ofisi ya maji iliomba wastani wangu wa Juni uwafikie Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kama uvukizi ungekuwa mkubwa, mgao wa mji ungepunguzwa kutoka siku tatu kwa juma hadi mbili.

Uvukizi ulikuwa mkubwa. Nilidhani ni upepo. Jumatatu, siku mbili kabla ya kutuma wastani, nilichora grafu ya mwezi kama nilivyofundishwa, na nikaona mstari wangu umeinuka ghafla tangu wiki ya kwanza ya likizo, ukabaki juu. Ila uliteremka mara tatu, na kila mara ilikuwa kwenye kipimo cha Jumatatu asubuhi, yaani kile kinachoeleza maji yaliyopotea Jumapili. Jua halijui Jumapili, wala upepo. Watu pekee wa kituo kile walioishika Jumapili walikuwa wanangu, ambao siku hiyo, msaidizi wangu akishika zamu, nilikwenda nao kanisani, kisha tukashinda kwa mama yangu Gongoni mpaka jioni.

Niliwakuta nyuma ya uzio. Chini ya waya, kwenye kivuli chembamba cha ofisi, kulikuwa na msafara wa udongo wa mfinyanzi: wapagazi wenye mizigo kichwani, ng'ombe wenye pembe za miiba, kiongozi wa mbele na kijiti chake, wote wakielekea mashariki, pwani. Mama yangu alikuwa amewasimulia kwamba babu wa babu yake alipita hapo akiwa mpagazi, nao walikusudia kuwatengeneza wote aliofuatana nao. Msafara huo ulikuwa mrefu kuliko nyumba yetu.

"Udongo huu mliulainisha na maji gani?"

Doto alimtazama Kulwa. Kulwa alitazama beseni.

"Makopo matatu tu kwa siku, mama," Kulwa alisema. "Tulipima na kopo la lita moja. Hatukuzidisha."

"Kwa nini yale?"

"Si unayaacha yakauke tu?" Doto alijibu. "Tukaona bora yakaukie kwenye ng'ombe."

Sikucheka mbele yao. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikacheka, kisha nikakoma ghafla, maana nilielewa nilipo. Lita moja ikitolewa katika beseni lile, maji hushuka kwa karibu milimita moja. Ningeweza kuchukua penseli, nikatoa milimita zao katika kila siku ya likizo isipokuwa Jumapili, nikatuma wastani, na hakuna ambaye angejua. Penseli niliishika. Lakini tarakimu iliyosahihishwa kimyakimya ingekuwa na sahihi yangu chini yake, na daftari lile lisingekuwa tena la vipimo.

Jumanne, baada ya kipimo cha saa tatu, nilimwachia msaidizi wangu zamu, nikatembea na wanangu hadi mjini, kwa Mkuu wa Kanda. Walikuwa wameoga, kila mmoja na ndoo yake.

"Shikamoo, Mzee," walisema pamoja.

"Marahaba. Hawa ndio radi zangu?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikaweka daftari na grafu mezani. Alisoma polepole. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba kosa la kuruhusu wasiohusika kuingia uwanjani lina barua yake ya onyo, na mimi naijua. Lakini kama walichota kiasi kilekile kila siku, vipimo vyaweza kusahihishwa kwa maandishi, sababu ikaelezwa, na mwezi ukaokolewa. Na mwezi ukiokolewa, barua inaweza kungoja.

"Makopo matatu?" alimuuliza Kulwa.

"Matatu, Mzee."

"Kila siku?"

"Kila siku, ila Jumapili."

Mkuu wa Kanda alichukua kalamu. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

"Siku moja yalikuwa manne," alisema Shija.

Kaka zake wakamgeukia wote wawili.

"Doto alimwaga moja kwenye mguu wa ng'ombe, tukarudi kuchota jingine."

"Siku gani?" aliuliza Mkuu wa Kanda.

Shija alifikiri kwa bidii. Niliona midomo yake ikihesabu. "Sikumbuki, Mzee. Siijui siku. Lakini yalikuwa manne."

Doto alimnong'oneza, "Si ungenyamaza?"

"Lakini yalikuwa manne!"

Mkuu wa Kanda aliiweka kalamu chini. Alimtazama mtoto yule, kisha akanitazama mimi.

"Basi havisahihishiki," alisema. "Vyote tunavifuta, ila vya Jumapili. Na barua nitaiandika leo. Mama Kulwa, wakubwa hawa wawili ni mafundi. Huyu mdogo ni mpimaji."

Nimestaafu sasa. Vituo vingi vina mitambo inayojisomea na kutuma yenyewe, na vijana huniuliza tulijivunia nini katika kazi ya kusimama juani na daftari. Mimi huwajibu kwamba nilifanya kazi mbili katika uwanja uleule, kupima hewa na kulea wavulana watatu. Ya kwanza nilipewa cheti cha utumishi mrefu. Ya pili nilipewa cheti chake siku ile mjini, katika ofisi ya watu wengine, na mtoto ambaye viatu vyake vilikuwa havijafungwa kamba.

Vipimo vya siku za likizo vilifutwa, isipokuwa vya Jumapili, na mahali pake pakaandikwa kistari. Wastani uliopelekwa ofisi ya maji Jumatano ulitokana na siku za kabla ya likizo na Jumapili tatu, ukawa mdogo kuliko ule niliokuwa nimeuandaa. Barua ya onyo iliwekwa katika jalada langu na ilibaki humo hadi nilipostaafu. Mgao wa mji haukupunguzwa. Maji yaliendelea kutoka siku tatu kwa juma mpaka mvua zilipoanza.