Kofia Mkononi

Juzi tulimzika fundi cherehani wa Sotik, rafiki wa babu yangu. Nilipofika makaburini nilivua kofia yangu ya sufu bila kufikiri, kama nilivyolelewa. Nikatazama kando: wanaume wote walikuwa wamevaa zao. Nikabaki nayo mkononi.

Babu alikuwa na shamba dogo la chai upande wa Kaplong. Siku za soko alinichukua, tukaishia dukani kwa fundi, penye harufu ya mafuta ya cherehani na tangawizi. Kofia zake nyeupe alizifua, akazitia wanga, kisha akazivika juu ya makopo ya mafuta ya kupikia zikauke karibu na jiko, kwa maana jua letu halina ahadi. “Usiguse, itapinda,” aliniambia kila mara, nami kila mara niligusa.

Kanisani kwetu hakuna mwanamume aliyeingia amefunika kichwa. Nyanya alikuwa na msemo wake: “Kofia mlangoni, Mungu mbele.” Fundi naye, adhana ikilia, hata kama alikuwa kichwa wazi, alitafuta kofia kwanza. Sikuelewa. Babu alimtania:

“Fundi, Mungu wako anaogopa baridi?”

“Na wako, mzee, anapenda kuangalia upara?”

Walicheka hadi chai ikamwagika.

Babu alipofariki, fundi alikuja matangani na kofia yake nyeupe. Tulipofika kaburini mzee wa kanisa alisema, bila kumtazama mtu, “Wenye kofia wavue.” Watu wakamgeukia fundi. Niliogopa ataondoka, na babu azikwe bila udongo wa rafiki yake. Fundi akaivua, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa na upara kama wa babu.

“Fundi, vaa,” nyanya akasema kwa sauti. “Mzee wangu hakukujua hivyo.”

“Mama, leo niache tu.”

Akasogea, akatupa udongo. Sikujua nimwonee nani huruma: fundi, nyanya, au mzee wa kanisa aliyekuwa ameinamisha uso.

Baadaye nilisoma, nikauliza wanaojua. Wengi waliniambia kofia ni adabu, na kwamba swala ya mwanamume haiharibiki kwa kichwa wazi. Nilidhani nimemaliza swali hilo. Lakini juzi elimu hiyo haikuuambia mkono wangu la kufanya. Nikivaa, nitakuwa kama fundi alivyoishi. Nikivua, nitakuwa kama alivyosimama kwa babu.

Mwana wa fundi aliniona. “Si lazima, ndugu yangu,” akanong'ona. “Lakini kuna baridi.”

Nikavaa. Nilipoinama kuchukua udongo nikaivua tena, kisha nikaivaa. Kijana mmoja akanitazama kwa mshangao. Hakucheka. Waliokuwa na ruhusa ya kunicheka ni wawili tu, na huyu tuliyekuwa tukimzika ndiye alikuwa wa mwisho.