Muuza Chokaa

Muuza chokaa wa duka la pembejeo ana kope nyeupe kama aliyelala kwenye pipa la unga, na hakuuzii mfuko hata mmoja kabla hujamletea udongo. Ukiuleta, anausugua kiganjani, anaunusa, anaukoroga kwenye kikombe cha maji, kisha anachovya karatasi yake ya kupimia tindikali huku akipiga mluzi. Jana shangazi yangu alifika na mkokoteni na udongo wa shamba lake, anataka mifuko kumi kwa ajili ya michungwa yake. Karatasi ilipobadilika rangi, alipewa mitatu.

"Chokaa ni dawa, mama. Ukizidisha, majani yanageuka manjano."

Shangazi akanuna, akaenda bombani nyuma ya duka kunawa vumbi. Pale ndipo muuzaji hukung'utia aproni yake iliyojaa chokaa kila jioni, chini ya mlimau wake mwenyewe. Shangazi akarudi na jani la mlimau huo, la manjano tupu, akaliweka taratibu juu ya meza.

"Na huu, mwanangu, uliupimia udongo?"

Mluzi ukakatika. Muuzaji akacheka mpaka vumbi likamdondoka kwenye kope, akamsogezea shangazi kikombe na karatasi.

"Mganga hajigangi, mama. Nipimie wewe."