Picha Isiyo na Nakala

Kwenye shughuli za wanawake pale mtaa wa Gerezani, Dar, Badria Hamis alisifika kwa jambo moja: picha zake hazina nakala. Anabonyeza, kamera inatoa kadi nyeupe, na sura inajitokeza taratibu mbele ya macho yako. Ukishaipokea, ni yako peke yako. Haimo kwenye simu ya mtu.

Kazi aliirithi. Marehemu baba yake alizunguka Msimbazi na kamera ya polaroidi, enzi ambazo picha ya studio uliisubiri wiki nzima. Wageni wa mikoani walimzonga, kila mmoja akitaka ushahidi wa kwenda nao nyumbani kwamba kweli alifika Dar. Baadaye filamu zikaadimika, simu zikaingia, mzee akaishia kuuza makava ya simu. Badria alidhani biashara ile imezikwa naye. Kumbe vijana walikuja kuzipenda tena kamera za namna hiyo, na kina mama nao wakaona faida yake: bibi harusi anaweza kupigwa picha kichwa wazi, na isizagae mjini.

Ndiyo maana Sitara alimwita kwenye singo yake, shughuli ya kumsugua na kumpamba bibi harusi, siku mbili kabla ya ndoa. Mlangoni Bi Sabaha, somo aliyemfunda, alikusanya simu zote kwenye beseni. Badria akampiga picha Sitara akiwa amejifunga kanga, nywele zimeachiwa, liwa ya kunukia mabegani, anacheka. Kadi akazilaza kwenye sinia, akazifunika.

Alipofunua, ile ya Sitara kichwa wazi haikuwepo.

Ngoma zinalia, watu wanashangilia, hakuna aliyejua. Akatupa macho mkekani. Anifa, dada wa bwana harusi, hayupo. Badria akakimbilia chumba cha uani, akasukuma mlango. Anifa alikuwa ameinama dirishani, picha mbele yake, simu mkononi. Kumbe alikuja na simu mbili: moja aliitia kwenye beseni, nyingine aliificha.

"Anifa, unafanya nini?"

"Da Badria, punguza sauti. Ni kwa kaka tu. Keshokutwa si mkewe?"

"Umeshatuma?"

Badria akamshika mkono, akatazama kioo cha simu. Tiki moja. Kaka mtu alikuwa njiani kutoka Tanga na simu yake haijapata mtandao.

"Futa! Asione!"

Anifa akakosea mara ya kwanza. Badria alisimama juu yake, akiomba tiki ya pili isitokee. Ujumbe ukafutika. Akamsimamia mpaka picha ikatoka na kwenye simu yenyewe.

"Usimwambie Sitara," Anifa akalia. "Nyumbani nitaonekana mchawi."

Badria alitamani kunyamaza. Ukoo wa kina Anifa ulikuwa na shughuli kila mwezi, na nusu ya kazi zake zilitoka kwao. Lakini aliyeibiwa alikuwa Sitara, si yeye. Akarudi ndani, akamnong'oneza bibi harusi sikioni.

Kicheko cha Sitara kikakatika. Ngoma nazo zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

"Wifi," akasema, "kwa nini hukuniomba?"

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Bi Sabaha akainuka kwa hasira, Sitara akamzuia. Akaomba mkasi, akaikata picha mwenyewe vipande vipande, kila mtu akitazama. Kisha akamwambia Anifa, "Kaka yako akipatikana, utamweleza wewe. Hapa hapa, nikisikia."

Walikaa wakisubiri, chakula kikipoa. Alasiri simu ikashika. Anifa akaeleza.

"Niliona ujumbe umefutwa," kaka mtu akasema. "Umekosea, Anifa. Hata mimi sina haki ya picha hiyo asiponipa mwenyewe. Muombe radhi."

Ndoa ilifungwa. Anifa alikuja, akakaa nyuma kabisa. Ukoo wao haukumwita Badria tena, na kwa miezi kadhaa alirudi kuwapiga vijana picha kando ya kituo cha mabasi ya mwendokasi, akijiuliza kama alikuwa mjinga. Aliyekuja kumtafuta pale ni Bi Sabaha.

"Nina mwali mwingine," alisema. "Mama yake amesema bila wewe, hapigwi picha."