Mashine Iliyopimwa Jumamosi

Dada yangu hupenda kuwaambia watu kwamba mimi hulipwa kuangalia mashine ikipumua. Hakosei sana. Ninafanya kazi Suna, mjini Migori, katika shirika dogo lenye kliniki mbili za nje: moja iko Sori, ufuoni tulikozaliwa, na nyingine iko Kosele, upande wa Homa Bay. Habari za wagonjwa wote zimo ndani ya seva moja, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya blanketi. Muuguzi wa Sori akitaka kujua mgonjwa anatumia dawa gani, swali lake husafiri hadi kwenye chumba hicho na jibu humrudia. Seva ikikwama, dirisha la dawa hufungwa kote kote, kwa sababu karatasi zilipigwa marufuku tulipoingia kwenye kompyuta, na mfamasia hatoi hata kidonge kimoja kabla ya kuona agizo kwenye kioo.

Dada yangu ana presha. Aliwahi kuanguka ufuoni akiwa na beseni la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, na kwa muda tulidhani ametutoka. Tangu hapo anatakiwa kumeza dawa kila siku bila kuruka. Kwa hiyo seva ya zamani ilipochoka, na kamati ikaniagiza nilinganishe mashine mbili mpya, mimi sikuwa nalinganisha mashine. Nilikuwa nafikiria dada yangu na lile dirisha.

Wauzaji wawili walituazima kila mmoja ya kwake. Kwa nje zilikuwa kama mapacha. Tofauti ilikuwa kwenye prosesa, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote. Ndani ya prosesa kuna viini, na kila kiini ni mfanyakazi anayeshika kazi yake. Prosesa ya kwanza ilikuwa kama jiko la harusi lenye wapishi wengi wasio na haraka. Ya pili ilikuwa na wapishi wachache wenye mikono myepesi. Ya kwanza iliweza kubeba kumbukumbu nyingi zaidi, tena ilificha habari za wagonjwa hata mwizi akiiba mashine nzima asisome kitu. Lakini ilikula umeme, ilinguruma, na stima ikipotea jenereta yetu ingelia nayo. Ya pili ilikula kidogo. Isitoshe, leseni ya programu yetu hutozwa kwa idadi ya viini, kwa hiyo wapishi wachache walikuwa nafuu mwaka baada ya mwaka. Ukisoma tu maelezo ya wauzaji, ya pili ilikuwa imeshinda.

Mimi nilitaka ya kwanza, na sababu yangu ilikuwa mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kali, taa hazina kazi na mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo wanawake wa Sori wanapopata nafasi ya kwenda kliniki, na huenda wote kwa pamoja. Kosele nako hujaa siku ya soko. Watu wetu hawaji mmoja mmoja, na mpishi mmoja mwepesi hawezi kupakua sahani za harusi nzima.

Mwenyekiti wa kamati ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole ninayemheshimu na ambaye huniudhi karibu kila tunapokutana. Yeye aliamua mashine zipimwe Jumamosi, moja Jumamosi ile, nyingine Jumamosi iliyofuata. Alisema Jumamosi wagonjwa ni wachache, kwa hiyo mashine ikigoma hakuna atakayeumia. Ilikuwa sababu ya huruma, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kuipinga. Lakini Jumamosi wagonjwa ni wachache kwa sababu nusu ya Sori na Kosele ni Wasabato na wako kanisani. Yeye ni Mkatoliki, na kwake Jumamosi ni siku ya kufyeka ua.

Nilimwomba tupime siku ya soko la Kosele, au wakati wa mbalamwezi. Aliniuliza kama mashine nazo huugua mwezi ukiwa mkubwa, na mhasibu akacheka hadi akakohoa. Nikaeleza habari za omena. Walinisikiliza kwa adabu, vile watu husikiliza hotuba ya mgeni wa heshima. Kisha mwenyekiti akasema, "Madam, mchagua jembe si mkulima. Na wagonjwa si watu wa kujaribia mashine."

Nilitoka pale nimekasirika hadi nikasahau mwavuli wangu, na sikurudi kuuchukua.

Majaribio yalienda kama nilivyojua yangeenda. Mashine ya wapishi wengi ilifungua faili baada ya kuvuta pumzi kidogo. Ya wapishi wachache ilifungua kabla kidole hakijatoka kwenye kibonyezo. Kliniki zilikuwa karibu tupu na kamati ikafurahi. Dada yangu, ambaye ndiye mgonjwa tuliyekuwa tunamnunulia mashine, alikuwa kanisani akiimba sauti ya pili.

Tukanunua hiyo nyepesi. Mwanzoni ilipendeza, na mwenyekiti alinipigia simu kunipongeza kwa kitu nilichokuwa nimekipinga. Kisha mbalamwezi ikafika. Wanawake wa Sori walijaa kwenye benchi, wauguzi wakaanza kubonyeza wote kwa wakati mmoja, na seva ikakwama. Niliiamsha, ikakwama tena. Dada yangu alikaa pale asubuhi nzima, akarudi kesho yake, na siku ya tatu, kila mara akiondoka mikono mitupu. Mwezi ukaanza kupungua, giza likarudi, na mitumbwi ikaingia ziwani. Dawa zake zilikuwa zimekwisha. Nilipompigia simu kumsihi aende tena, alisema dawa inaweza kumsubiri lakini omena haiwezi.

Hapo hasira yangu iligeuka kuwa hofu. Nilijua alikuwa anasema kweli kuhusu omena. Ikichelewa kuanikwa inaoza, na akikosa mzigo wa siku moja wateja wake huhamia kwa jirani. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Sori, nikamwambia aende kliniki na mimi nitaanika. Alinitazama mikono akacheka sana. Nilijua siku hiyo ni ya soko Kosele na seva inaweza kuzidiwa kutoka upande ule, lakini siku nyingine hatukuwa nayo. Alijifunga leso, akanionyesha jinsi ya kugeuza omena juu ya nyavu kuukuu bila kuzivunja, akaenda.

Jua lilikuwa zuri. Niliendelea kugeuza nikiwa nimepiga magoti, mgongo ukiuma, wanawake wa pembeni wakiniuliza kama kompyuta nazo huanikwa. Nilicheka nao. Omena zilikuwa zimeanza kukauka upande wa juu simu ilipolia. Alikuwa karani wa Suna, niliyemwachia ufunguo wa chumba.

"Madam, imehang tena," alisema. "Watu wa Kosele wanagonga dirisha."

Sori nao walikuwa wanasubiri, na dada yangu alikuwa kati yao. Karani hajui seva, si kosa lake, kwa hiyo ilinibidi nimwongoze kwa maneno: andika hivi, sasa soma kilichotokea, hapana, rudi nyuma. Nilikuwa naongea hivyo wanawake walipoanza kukimbia. Wingu lilikuwa limetoka ziwani, jeusi, na kila mtu alikuwa anaanua chake. Mmoja aliniita kwa nguvu. Ningekata simu, ningeokoa omena. Ningeendelea, pengine dada yangu angepata dawa. Niliendelea. Nilisimama katikati ya nyavu nikimwambia karani aandike neno moja, huku matone ya kwanza yakinipiga kichwani, nikimlaani mwenyekiti na Jumamosi zake kwa moyo wote.

Seva iliamka. Mvua nayo ilishuka yote kwa mara moja, na wanawake waliomaliza kuanua vyao wakaja kunisaidia kukusanya kilichobaki juu ya turubai.

Dada yangu alirudi amelowa, ameshika mfuko wa dawa ndani ya leso ili usipate maji. Alitazama lile rundo kwenye turubai. Omena iliyolowa hivyo hainunuliwi na watu, huenda kwa wenye kuku. Nilingoja matusi, na nilikuwa nayataka. Alikunja tu ncha ya turubai, akafunika rundo, tukaingia ndani.

Nilimpa maji na kumwambia ameze mbele yangu. Alitoa kidonge, akakivunja kwa meno, akameza nusu, na nusu nyingine akairudisha mfukoni kwa uangalifu, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo. Nilimuuliza anafanya nini.

"Zikiisha pole pole, nyamera, dada yangu, nitakaa muda mrefu kabla ya kurudi kwenye ile foleni," alisema.

Nilimwambia daktari amesema kidonge kizima. Alisema anajua.