Kondoo wa Kufuga, Kondoo wa Kuchinja

Kazi yangu katika ofisi moja ya Al-Murabba, Riyadh, ni kusoma mikataba. Niliisomea chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimeaminiwa kwa sababu silikosi neno lililokaa mahali pasipo pake. Naanza na hilo kwa kuwa fomu ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya ukurasa mmoja, na niliijaza kwa mkono wangu.

Ilitoka kwa mwenzetu wa ofisini, Mchina Mwislamu, mfasiri wa Kiarabu, mtu mpole anayeshinda na chai yake kwenye chupa ya kioo. Kijiji chao kiko kwenye milima mikavu ya magharibi ya China. Yeye na watu wa msikiti wa huko walikuwa wakizitafutia familia maskini za wakulima kondoo jike mmoja mmoja. Familia ingemfuga, na mwanakondoo jike wa kwanza ingempa jirani asiye na kitu, naye jirani afanye vivyo hivyo.

Aliponieleza nilicheka kwa furaha. Kwetu Kondoa mpango kama huo tuliuita kopa mbuzi, lipa mbuzi, na mbuzi wa maziwa aliyekuja nyumbani kwa njia hiyo ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu baada ya baba kufariki. Namkumbuka mama akimpeleka mtamba wa kwanza kwa jirani, kamba mkononi, amevaa kanga yake ya kutokea, kama mtu anayekwenda kuposa.

Mdogo wangu yuko Jeddah, ni mfanyakazi wa ndani. Nilipompigia simu hakuningoja nimalize.

"Kaka, nusu ya huyo kondoo ni yangu. Wewe ulishanitangulia kwenye nyonyo ya mama, hutanitangulia na kwenye thawabu. Na akizaa, shangazi ni mimi."

Fomu ilikuwa na mstari wa nia. Hapa Saudia kila mwaka tunajaza fomu za namna hiyo kwa ajili ya udhhiya, mnyama wa kuchinjwa Idi kubwa: unaandika jina, unaandika nia, kisha baada ya siku yenyewe unaletewa picha. Ningeweza kusema mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea. Haukwenda wenyewe. Kalamu ilipofika kwenye nia nilikumbuka kwamba Idi imekaribia na marehemu baba hajachinjiwa. Nikaandika: udhhiya, kwa niaba ya baba yangu. Nilitaka thawabu mbili kwa kondoo mmoja, nikajiambia kuwa hayo ni mambo kati yangu na Mungu, hakuna atakayeshika kisu.

Mwenzangu aliisoma, akasimama mbele ya meza yangu.

"Akhi, umeandika udhhiya. Ndivyo?"

Nilikuwa katikati ya kifungu kinachohusu ucheleweshaji wa kazi. "Ndivyo, ndivyo. Yalla, peleka."

Sikuinua kichwa.

Picha ya kwanza ilikuja baada ya wiki kadhaa: mwanamke mjane, kitambaa cheupe kichwani, kiganja chake juu ya mgongo wa kondoo. Niliirusha Jeddah, na mdogo wangu akaiweka kwenye uso wa simu yake. Madam wake alimwuliza huyo ni nani. Akajibu ni kondoo wake. "Una kondoo China wewe?" "Nusu, madam."

Picha ya pili ilikuja siku ya pili ya Idi. Ngozi imetundikwa ukutani, nyama iko kwenye sinia, na mwanamke yule yule amesimama wima, ameshika karatasi yenye jina la baba yangu kwa herufi nzuri za Kiarabu.

Ofisi ilipofunguliwa nilimwekea mwenzangu simu mezani, picha ikiwa wazi. Alinitazama kwa mshangao.

"Si ndivyo ulivyoandika? Mjomba wangu, wa kule msikitini kijijini, alisema nia ya mtoaji ni amana." Akafunga kifuniko cha chupa yake, akakifungua tena. "Baadaye yule mama alisema kondoo alikuwa na mimba."

"Kwa nini hakusema mapema?"

"Angesemaje, akhi? Mtoaji ni wewe." Kisha akaongeza, akidhani ananifariji: "Fungu kubwa la nyama alimpelekea jirani aliyekuwa akimngojea mwanakondoo. Na amemwombea sana baba yako."

Picha ile sikumtumia mtu. Mdogo wangu alikuwa akiuliza kila Ijumaa: amezaa? Nilisema bado, nikasema bado, hata Ijumaa moja nikachoka, nikasema amezaa, tena jike. Alipiga kigelegele katika jiko la watu. "Halas, basi! Huyo ni wa jirani!"

Mwezi uliofuata nilikwenda umra, nikapitia Jeddah. Tulikutana Al-Mahjar, katika chumba cha dada mmoja wa kwetu ambako mdogo wangu huruhusiwa kwenda kupumzika. Mkobani nilikuwa na fomu tupu niliyoiomba kwa mwenzangu. Nilikuwa nimepanga kumnunua kondoo mwingine kimyakimya, ili uongo wangu ugeuke kweli kabla haujajulikana.

Mdogo wangu alikunjua leso, akanitia kiganjani kengele ndogo ya shaba.

"Mpe yule Mchina wako aipeleke. Ya mtoto. Asipotee kwa jirani."

Nilimweleza yote, hata lile neno nililoliandika, hata kichwa ambacho sikukiinua. Alisikiliza akiutazama mkeka.

"Yule mama alisema nini walipokuja kumchukua kondoo?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Basi aliyechinjwa ni nusu yako," alisema. "Yangu ilikuwa ya kufuga."

Nilitabasamu kidogo, nikidhani ananitania. Hakuwa akitania. Alinyoosha mkono, nikamrudishia kengele. Nikatoa fomu, nikamwambia kondoo huyu nitamtoa mimi peke yangu.

"Mafi, hakuna. Huyu natoa mimi. Na fomu naijaza mimi."

Akaandika jina lake taratibu. Alipofika kwenye nia aliniuliza "wa kufuga" kwa Kiarabu huandikwaje. Nikamwandikia pembeni, kwa mwandiko wangu bora. Aliliangalia neno lile kwa muda, kisha akainuka na karatasi, akampelekea mwenyeji wetu aliyekuwa akikaanga maandazi, amsomee na kumhakikishia kama kweli ndivyo.